Mshono Uliohamia Ubavuni

Mama yangu alianguka Jumanne asubuhi, dukani kwake, akiwa amepanda kigoda ili ashushe jora la kitambaa cha kijivu kutoka rafu ya juu. Mteja aliyekuwa akingoja suruali yake alinisimulia baadaye kwamba hakusikia mayowe. Alisikia kishindo kimoja, kisha sauti ya mama, tulivu kama ya mtu anayeagiza vifungo: "Usiniinue. Kuna kitu kimekatika. Chomoa pasi kwanza."

Ndivyo alivyo. Ameshona nguo za watu kwa miaka arobaini, na hawezi kuacha pasi ya moto mezani hata kama mguu umemgeuka.

Nilipofika hospitalini alikuwa ameshapigwa picha. Daktari wa mifupa aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, na kabla hajasema neno nilikuwa nimeshaona. Shingo ya mfupa wa paja, pale unapopinda kuingia kwenye nyonga, ilikuwa imevunjika.

"Wewe ni mwenzetu?" daktari aliniuliza, baada ya kuona ninavyoitazama ile picha.

"Hapana, daktari. Mimi ni wa mifupa mikavu."

Nafundisha chuoni, na mimi ndiye mtunzaji wa chumba cha mifupa. Ni chumba kirefu chenye droo kutoka sakafuni hadi darini, na ndani ya droo hizo kuna nakala za plasta za mifupa ya sokwe, ya binadamu wa leo, na ya wale wazee wetu wa kale kabisa waliotembea wima zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita. Kwa miaka kumi na mitano nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi jinsi tulivyofikia kusimama kwa miguu miwili. Mama aliieleza kazi hiyo kwa wateja wake kwa ufupi zaidi: "Nilimsomesha awe daktari, na kweli akawa. Ila wagonjwa wake wote wameshakufa."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini mwiba niliusikia. Chuo kiko mitaa minne kutoka dukani kwake, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukanyaga chumba changu. Kila nilipomkaribisha, alikuwa na gauni la harusi la kumalizia.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Walimwekea chuma, wakamshona, na siku ya tatu akaja mtaalamu wa mazoezi, mwanamume wa makamo mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Wodi nzima ilimwita Inua, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni: inua goti, inua kisigino, inua moyo.

Alimsimamisha mama kwa fremu ya chuma ya kutembelea. Mama alipiga hatua ya kwanza kwa mguu uliovunjika. Ikabidi sasa auegemee huo ili ainue ule mzima, na papo hapo kiuno chake kikaporomoka upande wa pili kama pazia lililokatika kamba. Inua alimdaka. Hakuumia, lakini nilimwona usoni. Mama yangu, ambaye nilidhani haogopi chochote chini ya jua, alikuwa ameogopa.

Akarudishwa kitandani, akajifunika shuka hadi kifuani.

"Basi," alisema. "Cherehani inaendeshwa kwa kukaa. Nitakaa."

Kesho yake Inua alipokuja, mama alijifanya amelala. Keshokutwa yake alisema tumbo linamuuma. Siku iliyofuata aligeuka tu akatazama ukuta. Inua hakugombana naye. Alikuwa akiacha fremu karibu na kitanda na kusema, "Nitapita kesho, mama," na kesho yake anapita kweli. Ila daktari aliniita pembeni akaniambia bila kuzunguka: mtu wa umri wake akiendelea kulala hivi, misuli inakwisha, mapafu yanajaa, na mara nyingi hainuki tena.

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye mkono ndani ya plasta na mdomo usio na breki. "Shoga," alimwambia mama, "mimi nimewaambia wanawake elfu moja wasukume. Sijawahi kuona aliyesema hapana mtoto akabaki ndani."

Mama hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Wewe unayejua mambo ya kale, hebu niambie. Nani aliyemtuma binadamu asimame? Mbuzi ana miguu minne. Akivunjika mmoja, anabaki na mitatu, anachechemea anakula majani yake. Mimi nimevunjika mmoja. Nimebaki na nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mama kuniuliza swali la kazi yangu. Nilifungua mdomo, maneno ya darasani yakajipanga, na nikayaona yalivyo makavu. Nikamwambia, "Nitakuletea jibu kesho. Tena utalishika kwa mikono."

Kesho yake, saa za kuona wagonjwa, nilipita mlangoni na mfuko wa sokoni. Mlinzi aliuliza kuna nini ndani. Nikamwambia nyonga mbili. Akachungulia, akarudi nyuma hatua tatu, na ikabidi nitoe kitambulisho cha chuo na kugonga plasta kwa ukucha ili asikie kwamba si mfupa wa mtu. Muuguzi aliyekuwa akipita na sinia la dawa alisema tu, "Mimi sijaona kitu," akaenda zake.

Nilizipanga nakala zangu juu ya shuka, mapajani mwa mama. Moja ni nyonga ya sokwe. Nyingine ni ya mwanamke wa kale, mmoja wa wale wa mwanzo kutembea wima, mtu mdogo ambaye kimo chake hakikuzidi sana mita moja.

Nilitegemea nianze kueleza. Mama hakunipa nafasi. Aliivaa miwani yake, akaichukua nyonga ya sokwe, akaigeuza mbele na nyuma, akapitisha kidole gumba ukingoni kama anavyopitisha kwenye pindo la koti lililoshonwa na fundi mwenzake kutafuta kasoro. Kisha akachukua ile nyingine, akafanya vivyo hivyo. Mkunga alikuwa ameshajivuta hadi ukingoni mwa kitanda chake.

"Huyu wa kwanza," mama alisema, "mbavu za nyonga yake ni ndefu na bapa, zote zimekaa mgongoni. Sketi haiwezi kumkaa huyu. Itateleza." Akainua ya pili. "Huyu zimefupishwa, halafu zimezungushwa zikaja ubavuni. Kama bakuli. Huyu namshonea leo hii."

Kitu ambacho wanafunzi wangu hukiona baada ya wiki mbili za vitabu, mama alikuwa amekiona kwa muda wa kuvaa miwani.

"Ni hicho hicho, mama," nilisema. "Ndiyo habari yenyewe. Kuna misuli imejishika hapo. Kwa sokwe iko nyuma, inamsaidia kusukuma anapopanda. Kwetu sisi mfupa ulipozunguka, misuli nayo ikahamia ubavuni."

"Kwa hiyo mshono ulihamishwa. Ulikuwa nyuma, ukaletwa pembeni."

"Kabisa."

"Ili iweje?"

Nikasimama mbele yake, nikainua mguu mmoja. "Angalia kiuno changu. Mguu mmoja uko hewani, lakini kiuno hakijaanguka. Kinashikiliwa na huo mshono wa upande huu niliosimamia. Kutembea kote ni kusimama kwa mguu mmoja, halafu kwa mwingine. Sokwe akisimama wima anayumba kushoto na kulia, kwa sababu upande hauna wa kuushika."

Mama aliutazama mguu wangu, akaitazama fremu ya chuma. Nilijua anakumbuka kile kiuno kilichoporomoka.

"Na nani aliuhamisha?" aliuliza, kwa sauti ya chini sasa.

Nikaketi kitandani, nikamsimulia kama nilivyoweza. Kwamba hapakuwa na siku ambayo mzee mmoja aliamka akasema leo tusimame. Kwamba wale wa kale walikuwa watu wa mitini, na huenda hata huko juu walikuwa wakisimama kwenye matawi mapana, mkono mmoja umeshika tawi la juu, mwingine unachuma tunda. Kisha hali ya hewa ikabadilika, polepole mno, misitu ikapungua, mti na mti vikaachana. Ikabidi watu washuke na kuvuka uwazi ili wafike kwenye mti mwingine. Aliyezaliwa na nyonga iliyozunguka kidogo tu kuliko ya mwenzake alivuka kwa jasho dogo zaidi. Labda alibeba chakula mikononi, labda alibeba mtoto. Akaishi, akazaa, watoto wakarithi nyonga yake. Wajukuu nao hivyo hivyo, vizazi maelfu kwa maelfu.

"Labda, labda," mkunga alidakia. "Shule yote hiyo na bado ni labda?"

"Kwamba walitembea wima, hilo tuna hakika, shangazi. Mifupa inasema, na nyayo zao zilizogandia kwenye majivu ya volkano zinasema. Ni kwa nini hasa, hapo wataalamu bado tunabishana. Na jambo jingine tunalolijua: walitembea hivi muda mrefu sana kabla ubongo wao haujawa mkubwa. Miguu ilitangulia, akili ikafuata."

"Kwa baadhi ya watu ninaowajua," mama alisema, "akili bado iko njiani."

Mkunga alicheka hadi akaushika mkono wake wa plasta. Mama naye akacheka, na nikagundua kwamba sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu Jumanne ile. Mkunga akaomba ile nyonga ndogo, akaishika kwa mkono mmoja, akaitazama katikati kwenye tundu. Uso wake ukabadilika. Akawa mtu wa kazi.

"Njia nyembamba hii," alisema. "Imebanwa mbele na nyuma. Ndiyo gharama ya kutembea hivyo, eh? Mfupa ukibanwa hivi, mtoto anapata tabu kupita. Sokwe nasikia huzaa peke yake kichakani. Sisi lazima mtu awepo wa kupokea." Akanirudishia taratibu, kwa heshima. "Basi nami nimekula mkate wangu kwa sababu ya huyu bibi mdogo. Mwambie nashukuru."

Inua aliingia wakati huo. Aliiona mifupa juu ya shuka, hakuuliza kitu, akatabasamu kama mtu aliyekuta ndugu zake wamemtembelea. Aliweka kiganja chake ubavuni mwa nyonga ya mama, chini kidogo ya kiuno.

"Msuli wenyewe ni huu, mama. Daktari alipita hapa kuufikia mfupa. Haujafa. Umelala."

"Basi niamshie," mama alisema, akatupa shuka pembeni.

Sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi baada ya hapo. Zoezi la kwanza lilikuwa kulala kwa ubavu na kuinua mguu kimo cha mkono mmoja. Mama aliweza kuuinua kimo cha kidole, jasho likamtoka kama aliyebeba gunia. Kulikuwa na siku alimwita Inua majina ambayo sitayaandika. Kulikuwa na asubuhi alilia, kimya, machozi yakielekea masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Lakini hakujifanya amelala tena.

Wiki ya pili Inua alimsimamisha kwenye chuma cha kitanda, akaniambia nisimame nyuma yake na kuweka kiganja pale pale ubavuni. "Ukiusikia unakaza, mwambie," alisema. "Yeye hausikii bado. Wewe uwe masikio yake."

Mama akainua mguu mzima kutoka sakafuni. Nikasubiri. Na chini ya kiganja changu, kupitia gauni jepesi la hospitali, nikasikia kitu kikitetemeka, kidogo sana, kama kifaranga ndani ya yai. Kikakaza. Kikashika. Kiuno chake hakikuanguka.

"Umekaza, mama! Umekaza!"

"Usinipigie kelele sikioni," alisema. Lakini sauti yake nayo ilikuwa inatetemeka.

Miaka kumi na mitano nimekuwa nikiuchora msuli huo ubaoni kwa chaki nyekundu. Najua unaanzia wapi na kuishia wapi. Sikuwahi hata mara moja kuushika ukiwa hai, ukifanya kazi yake. Nikakumbuka kwamba mwanamke yule yule alinibeba ubavuni hapo hapo, nikiwa mtoto, huku mkono mwingine ukikata kitambaa. Nilishukuru. Nilimshukuru Inua, na daktari, na hata yule bibi mdogo wa kale ambaye simjui jina, na wote waliomtangulia waliovuka uwazi wakiyumba. Nilikuwa nimesimama katikati ya wodi, saa nne asubuhi, nashukuru watu ambao hawatasikia.

Mama aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na magongo mawili. Baada ya mwezi ukabaki mkongojo mmoja. Mama alimpigia mkunga simu kila Jumapili, na kila Jumapili mkunga alishinda ubishi. Cherehani ikaanza tena kulia dukani, na kitu cha kwanza mama alichoshona kilikuwa suruali ya Inua, ambayo alikataa katakata kusikia habari ya malipo yake.

Ilikuwa mwezi wa tatu tangu aanguke, siku ya kazi, nikiwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chumba cha mifupa. Nilikuwa nimegeukia ubao, naeleza kuhusu nyonga. Niliposikia darasa limenyamaza ghafla, niligeuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Amevaa gauni lake la buluu la shughuli, futi yake ya kupimia iko shingoni kama kawaida, mkongojo mkononi, anahema.

"Mama! Umekuja na nani?"

"Na miguu yangu," alijibu. "Endelea. Sikuja kuharibu kazi ya watu. Nitakaa nyuma."

Hakukaa nyuma. Msichana mmoja wa mbele alimpisha kiti, na kabla sijarudia sentensi yangu, mama alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, naomba niwaonyeshe. Wewe unawachorea. Mimi ninao."

Niliona macho ya darasa zima yakinitazama. Nikaweka chaki chini.

Mama alisimama mbele ya darasa, akaniachia mkongojo. Akaweka kiganja chake ubavuni. "Hapa," aliwaambia, "zamani sana mshono ulikuwa nyuma. Ukahamishwa. Wangu ulilala, mkaona balaa lake, hapana, hamkuona, mshukuru Mungu. Sasa umeamka. Simameni wote."

Wakasimama. Wanafunzi arobaini walisimama kwa mguu mmoja, viganja ubavuni, wengine wakiyumba na kushikana mabega, wakicheka, na katikati yao mama yangu, fundi cherehani, akahesabu hadi kumi bila kuyumba.

"Mmeusikia?" aliuliza.

"Tumeusikia, mama!"

"Haya. Mwenye mama wa kumshukuru akamshukuru. Kaeni."

Wanafunzi walipotoka, nilimfungulia droo moja baada ya nyingine. Alitaka kuona kila kitu. Aliuliza kwa nini magoti yetu yameingia ndani badala ya kunyooka chini ya nyonga, kisha akajijibu mwenyewe kwamba mtu akitembea na miguu iliyoachana kama mkasi ulio wazi, mwili utayumba. Aliupima mfupa wa paja wa yule bibi wa kale kwa futi yake, akatikisa kichwa. "Mdogo kama mtoto wa shule. Na kazi yote hii aliifanya."

Nilimwekea chai kwenye meza yangu. Alikunywa kidogo, akawa anazungusha kikombe.

"Unajua kwa nini sikuwahi kuja huku?"

"Magauni ya harusi," nilisema.

"Magauni gani." Alitazama madirisha marefu, vibao vya majina milangoni kule ukumbini. "Niliogopa. Mimi darasa la saba sikumaliza. Nilisema nitaingia huko, watu wataniuliza kitu, nitajibu upumbavu, na mwanangu ataona haya mbele ya wenzake. Kwa hiyo nikafanya mzaha wa wagonjwa waliokufa. Mzaha ni rahisi."

Miaka yote nilidhani yeye ndiye anayeionea haya kazi yangu.

"Mama," nilisema, "nilikuletea nyonga mbili hospitalini. Uliiona tofauti kabla sijasema neno. Mimi ilinichukua mwaka mzima."

"Mwaka mzima?" Alinitazama juu ya miwani kwa mshangao wa kweli. "Na ada yote ile?"

Tukacheka hadi mwenzangu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Kisha mama akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akashika mkono wangu, akaubana.

"Asante mwanangu kwa kuniletea jibu nililoweza kulishika," alisema. "Ungeniletea maneno matupu, ningekuwa bado nimelala kule natazama ukuta."

Nilitaka kumwambia kwamba wa kushukuru ni mimi. Kwamba kila mguu niliousomea ulilipiwa na mguu wake kwenye kanyagio la cherehani. Nadhani nilisema kitu cha namna hiyo, vibaya, maneno yakigongana. Alinipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

Nikamwambia nitaita gari limrudishe. Akakataa, ni mitaa minne tu. Alivaa viatu vyake vizuri, akachukua mkongojo, na mlangoni akaniuliza wanafunzi wa mwaka wa pili wana kipindi siku gani.